Bibi Aliyekaa Nyuma ya Kitambaa cha Bluu

Naomba radhi kabla sijaanza. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mkono wangu umezoea beleshi kuliko kalamu, kwa hiyo mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Herufi nyingine nitakuwa nimezikosea. Naandika polepole, maneno yananijia moja moja, na mara nyingine napumzika halafu nasahau nilikuwa nimefika wapi. Nivumilieni. Habari hii ni ya bibi aliyekuwa jirani yangu, na sidhani kama yupo mwingine atakayeiandika.

Jina lake nalijua, ila nitamwita Bibi, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo wanayajua wakubwa. Mimi nilimkuta tayari ni mzee, nilipokuja kupanga chumba Nzuguni kwa ajili ya kazi ya kufyatua tofali. Kati ya uwanja wake na wetu kulikuwa na mstari wa minyaa tu. Siku ya kwanza alinichungulia juu ya minyaa hiyo.

"Wewe uliyehamia, umeoa?"

"Shikamoo, Bibi. Bado."

"Marahaba. Basi umeoa leo. Mume wangu, nenda kanifungie mbuzi."

Nilikwenda nikawafunga. Mimi ni mtu wa aibu, nikiulizwa kitu mbele ya watu masikio yanapata moto, na Bibi alilijua hilo mapema. Tangu siku hiyo aliniita mume wangu mbele ya mafundi wenzangu, mbele ya wateja wa tofali, hata mbele ya mchungaji. "Mume wangu amekonda," alimwambia mchungaji, "niombee, wasije wakasema simlishi." Kisha aliniletea ugali wa uwele na mlenda kwenye bakuli lililofunikwa, akasimama pale mpaka nimalize.

Chakula alitoa bila kuombwa. Maji hakutoa. Kwetu maji ya bomba yalikuja siku yalipotaka yenyewe, na Bibi alikuwa na mapipa mawili ambayo aliyalinda kama mtu anayelinda shamba dhidi ya ndege. Ungeweza kula kwake wiki nzima, lakini ukishika kata ungeulizwa unakwenda nayo wapi.

Ninapomkumbuka, ninachokiona kwanza ni jinsi alivyosalimia. Alisalimia kila kitu. Nzuguni wakati ule ilikuwa inajengwa upesi, kila asubuhi unaamka unakuta msingi mpya umechimbwa mahali ambapo jana palikuwa na nyasi kavu na upepo. Bibi akipita kwenye shimo la msingi alisimama ukingoni akasema, "Hodi." Alingoja kidogo, akaenda zake. Mafundi walicheka. Yeye alisema watu watakuja kuishi hapo, na si vizuri waje wakute hawajawahi kubishiwa hodi. Redio yake ilikuwa na kipindi cha salamu, watu wa Singida wanawasalimia watu wa Tabora, na Bibi, akiwa anachambua karanga, aliwaitikia wote. "Nasi tupo," alisema. "Hatujambo. Mvua bado."

Hakupenda kupigwa picha. Hakuwa na picha hata moja ndani kwake. Nilipomuuliza sababu alisema kuwa mtu akiwa kwenye picha anasalimiwa na hawezi kuitika, na huo ni utovu wa adabu.

Katikati ya paji la uso wake palikuwa na duara dogo la kovu, kama walivyowekewa Wagogo wengi wa umri wake walipokuwa watoto. Siku hizi watu hawaweki tena. Bibi naye hakumchanja Neema. Alimchora tu.

Neema alikuwa mjukuu wake. Binti wa mwisho wa Bibi alikuwa anapika kwenye mgahawa Kibaigwa, kule sokoni kwenye mahindi, akaolewa na fundi wa malori. Fundi akapata kazi Lusaka, nchi ya Zambia, na mkewe akamfuata. Neema aliachwa kwa Bibi akiwa hajaota meno, kwa miezi michache, ndivyo ilivyosemwa. Miezi ikapita, na mingine ikaja nyuma yake. Mtoto akatambaa, akatembea, akavunja vikombe, akaanza kusema.

Kila asubuhi, jua likiwa bado jekundu upande wa Kongwa na vumbi halijaamka, Bibi alitoka na Neema mlangoni na kichupa cha wanja. Alimchora nyusi mbili. Kisha, katikati ya paji, duara dogo, mahali pale pale lilipo la kwake. Neema alisimama wima, macho ameyafumba, uso ameuinua juu. Mimi nilikuwa nachota mchanga upande wa pili wa minyaa, na mara nyingi nilisahau beleshi hewani. Alikuwa mtundu mtoto yule, hakutulia hata wakati wa kula, lakini wakati wa wanja ungedhani amelala amesimama.

"Alama hiyo ya nini, Bibi?" nilimuuliza.

"Macho ya watu, mume wangu. Mtu akimwangalia mtoto, jicho litue kwenye alama kwanza. Lisiingie moja kwa moja."

Mwaka uliofuata binti alipiga simu. Alisema atakuja kumchukua Neema baada ya mavuno, mwajiri wa mumewe atawapa likizo, na kwamba mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Hapo zamani, alisema, mtoto angeandikwa tu kwenye pasipoti ya mzazi, sasa kila mtu na chake. Wakatuma kwa basi vivuli vya vitambulisho vyao na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, yenye muhuri wa wakili. Cheti cha kuzaliwa cha Neema kilikuwepo. Kijana wa steshenari alitujazia maombi kwenye mtandao, akalipia, akatuchapia. Ilibaki picha tu, na tuliambiwa picha ndilo jambo rahisi.

Bibi aliniomba niwasindikize. Si kwamba alihitaji mtu wa kusoma, maana mimi mwenyewe nasoma kwa kidole. Alisema hawezi kwenda mjini bila mume.

Mama mpiga picha alikuwa na chumba kidogo karibu na ofisi ya pasipoti. Ukutani alitundika kitambaa cha bluu. Alimwangalia Neema akasema, "Bibi, huyu tumfute kwanza."

"Umfute? Kwani ni ubao?"

"Wanja, Bibi. Wataikataa."

"Wakatae. Mimi sijawakatalia kitu."

Picha ilipigwa Neema akiwa na nyusi zake na duara lake. Tukaipeleka dirishani. Afisa alikuwa dada kijana, mpole. Alimwamkia Bibi, akaitikiwa, akaiangalia picha, akairudisha juu ya meza taratibu.

"Bibi, hii haitapita. Usoni pasiwe na kitu kilichochorwa."

"Kwani picha hii ataiona nani?"

"Wengi, Bibi. Hapa tutaiona sisi. Mpakani wataiona, na kule anakokwenda wataiona."

"Watu asiowajua?"

"Asiowajua."

"Basi ndiyo maana nimempaka."

Afisa alitabasamu, akatazama chini, akasema atatusubiri tulete nyingine. Hakuwa na kosa. Nasema hivi kwa sababu mtaani walianza kusema maofisa wanamsumbua mzee, na haikuwa hivyo.

Mara ya pili Bibi alikubali kufuta nyusi. Duara alilipunguza, akalifanya dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, akaona ametii. Afisa aliisogeza picha karibu na macho. "Bado kapo, Bibi," alisema, karibu kwa huruma. Tukarudi nyumbani. Neema alikuwa amelala begani kwangu, na Bibi alitembea mbele akisalimia misingi.

Hapo ndipo watu walipoanza. Mama anayeuza mkaa kona ya mtaa wetu, mtu wa utani sana, alimwita tukiwa tunapita. "Bibi, huo si wanja. Hiyo ni kamba ya mbuzi."

"Na wewe mdomo wako ni kengele ya ng'ombe," Bibi alimjibu, "tunajua ulipo hata usipoonekana."

Walicheka wote wawili. Lakini jioni ile Bibi hakuwasha redio.

Nimelifikiri jambo hili siku nyingi nikiwa kazini, kwa sababu kufyatua tofali hakuhitaji akili yote, nusu inabaki inazurura. Je, aliamini alama, au alikuwa anamchelewesha mtoto? Nilimuuliza siku moja, kwa kuzunguka zunguka. Akaniambia, "Mume wangu, ukimuuliza mwanamke kila kitu, utakula saa ngapi?" Naona hata yeye hakujua. Mtu anaweza kushika kamba moja kwa mikono miwili, na kila mkono ukawa na sababu yake.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Alisema haogopi mtu wala mnyama, lakini kukiwa na radi alifunika kioo kwa kanga na kukaa mbali nacho. Aliwasema wanawake wanaowaacha watoto kwa bibi zao, akawasema kwa ukali, kisha akaingia ndani akamfungia binti yake mlenda mkavu na karanga, kifurushi cha kupeleka Lusaka kwa dereva yeyote anayekubali. "Huko wanakula nini, masikini," alisema akifunga. Akikaza fundo aliuma ncha ya kamba kwa meno, na kama mlikuwa mnazungumza ilibidi mngoje.

Jumapili moja baada ya ibada binti alipiga simu. Bibi alikuwa haipendi simu sikioni, kwa hiyo niliishika mimi katikati yetu, sauti ikiwa juu. Nyuma ya sauti ya binti kulisikika injini ya lori inaunguruma na kuzimika, kuunguruma na kuzimika.

"Neema," alisema, "ni mimi. Ni mama."

Neema aliitazama simu. Akaizunguka kuona upande wa nyuma. Kisha akashika kanga ya Bibi kwa mkono wote.

"Mama huyu," akasema.

Injini ilizimika kule. Tulisikia mtu anavuta pumzi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," Bibi alisema.

"Hanijui."

"Ni mtoto."

"Mama, hiyo picha. Nikija nikakuta bado, narudi peke yangu, likizo haingojei. Na akikaa mwaka mwingine nitakuwa nani kwake? Nitakuwa mgeni wa kumletea biskuti."

Bibi aliniashiria nikate, lakini simu ilikuwa imekwisha kukatika yenyewe. Alikaa mlangoni, miguu ameinyoosha, jua linashuka na uwanja wote umekuwa rangi ya tofali lililoiva. Kisha akamkalisha Neema mbele yake.

"Mimi ni bibi," alimwambia. "Mama yuko kule. Sema, bibi."

"Mama."

"Bibi."

"Mama," akasema Neema, akicheka, akadhani ni mchezo.

"Bi-bi."

Nilirudi upande wangu wa minyaa. Mpaka giza linaingia niliwasikia wakirushiana maneno yale mawili, la mtoto linakwenda juu, la bibi linarudi chini, bila hasira, kama watu wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Asubuhi yake Neema alitoka mlangoni, akasimama mahali pake, akafumba macho, akainua uso. Bibi alichovya kidole kwenye maji, maji ya kwenye pipa, akampitishia katikati ya paji mara moja. Alipomaliza alikaushia kidole kwenye kanga. Kichupa hakukifungua. Neema alifumbua macho akamtazama, anangoja, na Bibi akasema, "Tayari. Twende."

Kwa mama mpiga picha mtoto hakutaka kukaa peke yake. Kila alipowekwa kwenye kigoda alijikunja akalia, na picha ya kulia nayo hairuhusiwi. Mama mpiga picha akasema kuna njia moja, huwa wanafanya kwa watoto wadogo: mtu mzima anakaa kitini, anafunikwa kitambaa chote, mtoto anakaa juu yake. Nikasema nitakaa mimi.

"Wewe mifupa mitupu," Bibi alisema, "atateleza."

"Bibi, wewe hupigwi picha," nikamkumbusha.

"Hataonekana," mama mpiga picha alisema. "Itakuwa bluu tupu."

Bibi alifikiri. "Bluu tupu," akarudia. Akakaa. Wakateremsha kitambaa kikamfunika kichwa, mabega, magoti, mpaka viatu. Akawa kilima kidogo cha bluu ndani ya chumba. Neema akawekwa juu ya kilima, na mikono ya Bibi, chini ya kitambaa, ikamshika kiunoni. Mtoto akanyamaza pale pale. Aliyajua mapaja yale. Kutoka ndani ya kitambaa kikaanza kutoka kiwimbo cha Kigogo, cha puani, hata maneno hayakusikika, na Neema akatazama mbele, macho wazi, uso mtupu hauna kitu. Taa ikamulika.

"Imetoka nzuri," alisema mama mpiga picha. "Bibi, unaweza kutoka."

Bibi hakutoka. Kiwimbo kilikuwa kimenyamaza. Mimi nilimchukua Neema, na kilima kikabaki kimekaa vilevile. Mteja mwingine alikuwa mlangoni anataka kuingia, mama mpiga picha akamzuia kwa kiganja, akaanza kupangapanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangika. Hakuna aliyekivuta kitambaa. Tuliacha mpaka kikainuka chenyewe.

Nilipewa kuishika picha ikiwa bado na joto. Neema tu, na bluu. Lakini upande wa kushoto, karibu na shingo yake, bluu ilikuwa na mkunjo mmoja, unateremka taratibu. Asiyejua ataona kitambaa. Mimi niliona bega.

Afisa aliipokea. Pasipoti ilipotoka tulikwenda kuichukua, na Bibi aliifungua pale pale ngazini, akaitazama picha muda mrefu. "Mbukwa," aliiambia, salamu ya kwao. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga.

Binti alikuja baada ya mavuno. Sasa nitasema jambo ambalo watu hawakulielewa. Tangu siku binti alipofika, Bibi aligeuka mkavu. Neema akimlilia, alitoka akaenda kwa mbuzi. Akimletea kikombe, alisema, "Mpelekee mama." Majirani walinong'ona kwamba mzee ana roho ngumu, amemchoka mtoto. Mimi nilikuwa nje muda wote, namwona. Nilimwona akiosha sufuria lililokuwa safi, akimwaga maji yale aliyoyalinda, akichota tena, akiosha tena. Siku zilipokuwa zinakwisha Neema alikuwa ameanza kulala kifuani kwa mama yake. Siku ya safari hakwenda stendi, ingawa si mbali. Alisema mbuzi watapotea. Neema aliondoka amelala mgongoni, hajui kitu, na Bibi aliingia ndani kabla hawajafika kona.

Baada ya mvua mbili alihamia Mkonze kwa mdogo wake. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu nilipopata kazi ya tofali upande huo, msimu wa baridi, ule upepo wa Dodoma unaokausha midomo. Nilikwenda kwake asubuhi kabla ya kazi. Alikuwa amekaa nje, amejifunika shuka, mikono imetulia mapajani. Alikuwa amepungua. Alinitambua kabla sijasema.

"Mume wangu. Umeoa mwingine?"

"Shikamoo, Bibi. Bado."

"Marahaba. Uaminifu huo utakuua."

Nikakaa chini. Nilimuuliza habari za Neema.

"Anasoma chekechea. Anasema Kiingereza na cha kwao huko. Kwenye simu ananiita Bibi," akasema. "Anaitamka sawasawa kabisa." Akatazama jua. "Saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa moja, Bibi."

"Kule ni saa kumi na mbili. Binti yangu amenieleza. Wako nyuma yetu kwa saa moja, siku inaanzia kwetu ndipo inakwenda kwao."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mimi naamka mapema. Siku inanifikia mimi kwanza. Nakaa nayo hapa, naiangalia. Nikiona haina ubaya naiachia iende kwake."

Hakusema kwa utani. Alikuwa anatazama uwanja, mwanga unavyopanda ukutani, kuku wanavyotoka mmoja mmoja, moshi wa jirani ulivyolala chini kwa baridi. Nami nikatazama. Sikumbuki tulikaa kiasi gani.

"Ya leo ikoje, Bibi?" nikauliza.

"Ina vumbi," alisema. "Ila inafaa. Nimeiachia."

Akajifunga shuka vizuri, akaniambia nichelewe kazini kwa sababu nyingine, si kwa sababu yake.

Nimefika mwisho. Ninyi mliosoma, tafadhali niandikieni, hata mistari miwili, kwa herufi kubwa ili nisichoke. Na kama kuna anayeishi upande ule, ambako siku hufika ikiwa imeshapita kwetu, aniambie ikifika kwao asubuhi huwa ikoje. Nitampelekea Bibi majibu kwa mdomo.